Mlio wa Cherehani na Utoto Unaorudi Bila Kuitwa

Swali la msomaji: "Nililelewa na bibi aliyekuwa akishona nguo nyumbani. Hivi karibuni nilipita mahali panaposhonwa nguo nikasikia cherehani cha kukanyaga kwa miguu, na papo hapo nikajiona nimekaa sakafuni chini ya meza nikiokota vipande vya vitambaa. Hata ubaridi wa sakafu niliuhisi mapajani. Ninazo picha za bibi, nami huzitazama mara kwa mara, lakini hazijawahi kunifanyia hivyo. Dada yangu anashikilia kwamba cherehani kilikaa barazani, wala si chumbani kama ninavyokumbuka mimi. Nimetafuta rekodi ya mlio kama ule na kuisikiliza tena na tena, ila kila nikirudia naona haina nguvu kama mwanzo. Je, sauti ina nini ambacho picha haina? Ninachokikumbuka ni kweli? Na je, nimeichakaza kumbukumbu yangu mwenyewe?"

Jibu la mtaalamu:

Ndugu msomaji, maswali yako ni matatu lakini yana mzizi mmoja, nao ni huu: mlio ule umekurudisha utotoni kwa sababu ulipokuwa mtoto ulikuwa ukiusikia bila kuusikiliza, na ulipokua hukuusikia tena. Ukiyashika mambo hayo mawili pamoja, utaona kwa nini picha hazikufanyi hivyo, kwa nini rekodi imepungua nguvu, na hata kwa nini wewe na dada yako mnaweza kutofautiana juu ya chumba bila yeyote kati yenu kusema uongo.

Nianze na huko kusikia bila kusikiliza. Jicho hufumbwa na kugeuzwa upande tuutakao, lakini sikio halina kope. Hupokea hata wakati wa usingizi, na kazi hiyo huianza kabla mtu hajazaliwa, kwani mtoto aliye tumboni huanza kuitikia sauti kati ya wiki ya 25 na ya 28 ya ujauzito. Mwaka 1980 watafiti Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wachanga wenye umri wa siku chache tu walikuwa tayari kubadili mwendo wa kunyonya chuchu ya bandia ili wasikie sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake nchini Marekani waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa muda wa dakika 2, na baada ya hapo watoto hao waliweza kutofautisha silabi zilizozoea kufuatana na zile zilizokutana kwa bahati. Hakuna aliyewafundisha wala kuwaambia wategee. Ubongo wa mtoto huokota utaratibu wa sauti zinazomzunguka hata pale ambapo mwenyewe yumo katika mchezo wake.

Sasa fikiria saa ngapi ulizokaa chini ya meza ile. Cherehani cha kukanyaga hakitoi mlio mmoja. Huanza polepole pale gurudumu linaposukumwa kwa mkono, kisha kikanyagio hushika mwendo na sindano ikaanza kugonga kwa haraka, mkanda wa ngozi ukikwaruza kidogo kila unapopita kwenye kiungo chake. Halafu kasi hupungua, kimya kifupi hufuata wakati kitambaa kinageuzwa kwenye pembe, chuma cha kukandamiza kitambaa hushushwa kwa mlio mdogo mkavu, na mwendo huanza upya. Mtoto aliyekaa hapo alijua, bila kujua kwamba anajua, ni lini bibi atasimama, ni lini mkasi utachukuliwa, na ni lini kipande kingine cha kitambaa kitaanguka karibu na mguu wake. Ulichokibeba kwa miaka yote hii ni utaratibu huo mzima pamoja na mambo uliyokuwa ukiyatarajia ndani yake. Ndiyo maana nadhani mngurumo wa cherehani cha umeme, ambacho hushona vilevile, usingekugusa.

Uliuliza pia, ingawa si waziwazi, kwa nini jambo hilo lilitokea papo hapo. Mtikisiko wa hewa hupiga ngoma ya sikio, ukapitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi kwenye sikio la ndani, ambako seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, huugeuza kuwa ishara za neva. Ishara hizo zikifika katikati ya ubongo, katika sehemu iitwayo thalamasi, njia hugawanyika. Moja huenda kwenye gamba la ubongo pembeni, juu kidogo ya masikio, ambako sauti hutambuliwa na kupewa jina. Nyingine, ambayo Joseph LeDoux aliichunguza kwa kina katika panya, ni fupi zaidi na hufika moja kwa moja kwenye amigdala, kiungo kidogo chenye kazi kubwa katika hisia. Jirani na amigdala ipo hipokampasi, inayounganisha mambo yaliyotokea pamoja, yaani mahali, watu, mguso na sauti, yakawa tukio moja. Kwa hiyo si ajabu kwamba moyo ulishtuka kabla hujajua umesikia nini, na si ajabu kwamba sauti ilikuja na ubaridi wa sakafu: vilihifadhiwa pamoja, vikaamka pamoja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1973 Endel Tulving na Donald Thomson walieleza kwamba tukio huhifadhiwa pamoja na mazingira yake, na kwamba kinachofaa kuliamsha ni kile kilichokuwapo lilipokuwa linahifadhiwa. Miaka miwili baadaye Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wapiga mbizi orodha ya maneno, wengine wakajifunza chini ya maji na wengine nchi kavu. Waliojifunza majini walikumbuka vizuri zaidi waliporudi majini, na wa nchi kavu vivyo hivyo. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo watu huisahau. Kadiri kichocheo kinavyohusishwa na mambo mengi, ndivyo kinavyopoteza uwezo wa kuleta lolote kati ya hayo. Kigingi kilichofungwa mbuzi mmoja, ukivuta kamba atakuja mbuzi huyo huyo. Kigingi kilichofungwa mbuzi hamsini, kamba zitasokotana na hutampata unayemtaka. Mlio wa maji ya bomba uliusikia utotoni pia, pengine mara nyingi kuliko cherehani, lakini umeendelea kuusikia kila siku hadi leo, nao hauwezi tena kukupeleka mahali pamoja. Cherehani kilinyamaza pale utoto wako ulipokwisha, kwa hiyo kamba yake ilibaki moja.

Hali hii iliwahi kuonekana zamani kabla ya kuwapo maabara za saikolojia. Katika karne ya 18 Jean-Jacques Rousseau aliandika juu ya wimbo wa wachungaji wa ng'ombe wa Uswisi, ambao kwa maelezo yake ulipigwa marufuku, kwa adhabu ya kifo, miongoni mwa wanajeshi wa Uswisi waliotumikia nje kwa sababu uliwaliza, ukawafanya watoroke jeshini au hata wafe kwa hamu ya kwao. Adhabu ya kifo anayoitaja huenda ilitiwa chumvi, lakini alichokisema baada ya hapo kilikuwa sahihi kabisa: kwamba wageni waliosikia wimbo huo hawakuguswa, na kwamba nguvu haikuwa katika muziki wenyewe bali katika mazoea na kumbukumbu zilizoambatana nao. Usitafute basi uzuri katika mlio wa cherehani. Mtu aliyekuwa akitembea nawe siku ile huenda alisikia kelele tu.

Na picha je? Picha za bibi unazitazama mara kwa mara, umezitazama ukiwa na miaka kumi, ishirini na zaidi, ukiwa na furaha na ukiwa msibani, ukiwaonyesha jamaa na marafiki. Kila mara umezifunga na jambo jipya, hadi kinachokuja ukiitazama picha ni kumbukumbu ya picha yenyewe na maelezo uliyozoea kuyatoa juu yake. Isitoshe, picha hukuonyesha tukio kutoka mahali aliposimama mpiga picha, ambako wewe hukuwahi kukaa. Mlio ulikujia kutoka juu, kupitia mbao za meza, kama ulivyokuwa ukikujia wakati ule. Hata hivyo sidai kwamba sauti hushinda kila kitu: harufu nayo ina sifa ya kuamsha mambo ya miaka ya mwanzo kabisa ya maisha, na sababu yake kwa sehemu kubwa ni hiyohiyo, kwamba harufu nyingi za utotoni hatuzipi majina wala hatuzizungumzii.

Kuhusu ukweli wa unachokikumbuka, yafaa nitaje jambo lililowapotosha watu wengi. Katika taasisi ya tiba ya ubongo mjini Montreal, Kanada, daktari wa upasuaji Wilder Penfield alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kuwa tishu ya ubongo yenyewe haihisi maumivu, na kabla ya kukata aligusa sehemu mbalimbali kwa umeme hafifu ili ajue kazi yake. Baadhi ya walioguswa pembeni mwa ubongo walisema wanasikia sauti za watu wanaowafahamu, au muziki, au wanaona tukio la zamani. Mwaka 1963 yeye na Phanor Perot walitoa taarifa ya wagonjwa hao: kati ya 520 walioguswa sehemu hiyo, waliopata hali hiyo walikuwa 40. Kutokana na kazi hiyo ilienea imani kwamba ubongo hurekodi kila kitu na kukitunza bila mabadiliko, na kwamba kinachohitajika ni kugusa mahali panapofaa. Imani hiyo haina msingi. Ni wachache waliopata hali hiyo, na mengi waliyoyaeleza yalifanana na ndoto kuliko tukio lililowahi kutokea.

Kukumbuka ni kujenga upya. Vipande vilivyohifadhiwa huunganishwa wakati ule ule unapokumbuka, na palipo na pengo ubongo huziba kwa kile unachokijua kuwa cha kawaida. Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walipowaeleza watu 24 kisa cha uongo, kwamba walipokuwa watoto walipotea dukani, 6 kati yao walifikia kuamini kwa ukamilifu au kwa sehemu kwamba kisa hicho kiliwapata. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995, na yanatosha kutufundisha kutochukulia wingi wa maelezo kuwa ushahidi.

Lakini si kila kipande kina uzito sawa, na hapa nina maoni yangu baada ya kusikia visa vingi vya namna hii. Vitu ambavyo hakuna mtu angekusimulia, kama ubaridi wa sakafu mapajani na kazi ya kuokota vipande, nina imani navyo zaidi, kwa kuwa hakuna masimulizi ya familia yanayohangaika na mapaja ya mtoto. Vitu vinavyohitaji ramani au kalenda, kama chumba gani, mwaka gani, nani mwingine alikuwapo, nina imani navyo kidogo. Umri nao una maana: kwa wastani kumbukumbu ya kwanza ya mtu mzima hutoka karibu na miaka mitatu au mitatu na nusu, kwa hiyo ukiwa na hakika kwamba ulikuwa na mwaka mmoja, ninakuomba uipunguze hakika hiyo kidogo. Kama ulikuwa na miaka minne au mitano, hakuna ugumu wowote.

Dada yako basi anaweza kuwa sahihi, nawe usiwe mwongo. Chini ya meza, mtoto haoni chumba. Anaona miguu, kikanyagio na mwanga unaotoka upande mmoja. Kuta na dari uliziongeza baadaye, na ni kawaida kuongeza zile za chumba ulichokifahamu vizuri zaidi. Inawezekana pia kwamba kilikuwa kikihamishwa, barazani wakati wa mwanga na ndani wakati wa mvua, na kila mmoja wenu amebaki na nusu yake. Sioni faida ya kushindana juu ya hilo. Mwenye haki ya kuamua ni mtu aliyekuwa mkubwa wakati ule, kama bado yupo.

Swali la rekodi ndilo nililolifurahia zaidi, kwa sababu wengi hufanya ulivyofanya. Kwanza, rekodi si mlio ule. Sikio la kijana hupokea mitikisiko kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini kipaza sauti kidogo cha simu hakiwezi kutoa vizuri sauti nzito za chini, na sauti hizo ndizo zilizokuwa zikipita kwenye sakafu na miguu ya meza hadi mwilini mwako. Ulichopata ni kugonga kwa sindano bila uzito wa kikanyagio. Zaidi ya hayo, uwezo wa kusikia sauti nyembamba za juu hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo hata cherehani halisi leo hukisikii sawasawa na mtoto alivyokisikia. Bahati ni kwamba ubongo hutosheka na mfanano wa kutosha.

Pili, kumbukumbu za namna hii huja zenyewe. Hermann Ebbinghaus alikwishaliona hilo mwaka 1885, alipotenga mambo tunayoyakumbuka kwa kuyatafuta na yale yanayorudi bila kutakwa. Tangu miaka ya 1990 Dorthe Berntsen wa Denmark amekuwa akiwapa watu madaftari ya kuandika kila kumbukumbu inayowajia bila kuitwa, na imeonekana kwamba ni jambo la kila siku kwa watu wazima wenye afya, nazo huja zaidi pale mawazo yanapokuwa yamelegea: mtu anatembea, anaosha vyombo, anasubiri usafiri. Siku ile ulikuwa ukipita njia. Ulipokaa na simu mkononi ukisubiri uguswe, akili ilikuwa imekaza macho mlangoni, na mgeni huyu hapendi kungojwa.

Tatu, na hili ndilo linalojibu hofu yako, kila uliposikiliza ulikifunga kigingi kwa kamba mpya. Sasa mlio ule ni wa sakafu ya utotoni na pia ni wa kiti unachokalia jioni, mwanga wa simu na masikitiko ya kutoguswa. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na LeDoux walionyesha katika panya kwamba kumbukumbu ya hofu iliyokwisha kutulia, ikiamshwa, hulegea kwa muda na huhitaji kuimarishwa upya, na katika muda huo yaweza kubadilishwa. Sipendi kuyabeba matokeo ya panya nikayatwika juu ya bibi wa mtu, lakini yanatahadharisha kwamba kukumbuka si kutazama tu. Hata hivyo hujaiharibu kumbukumbu. Kilichochakaa ni njia moja ya kuifikia. Iache rekodi hiyo kwa miezi kadhaa, usiisikilize kabisa, wala usiitumie kama mlio wa simu, maana huko ndiko kuimaliza.

Badala yake, andika leo ulichokiona siku ile ya kwanza, kabla hujazungumza zaidi na dada yako. Anza na kilichokuja kwanza, hata kama ni kidogo, na uache mapengo yabaki mapengo. Kisha tafuta sauti za jirani zake ambazo hujazigusa: mkasi mzito ukipita kwenye kitambaa juu ya meza ya mbao, kopo la vifungo likitikiswa, uzi mgumu ukichanwa kwenye mshono, pasi ikiwekwa juu ya chuma chake. Mojawapo yaweza kuwa bado na kamba moja tu. Usizipange siku moja zote.

Neno la tahadhari kwa wasomaji wengine, kwani si kila utoto ulikuwa na bibi wa namna hii. Funguo zikigeuzwa mlangoni usiku au hatua nzito ukumbini zaweza kumrudisha mtu mahali asipotaka kurudi, kwa njia ileile ya haraka isiyongoja akili. Mtu ambaye sauti za kawaida humtia hofu kali, humkosesha usingizi au humfanya akwepe watu na mahali, asijaribu kujizoeza peke yake kwa rekodi. Amwone mtaalamu wa afya ya akili, kwa kuwa hali hiyo inatibika.

Na kama una watoto, au unaishi na watoto wa wengine, rekodi unayopaswa kuihangaikia ni ya nyumba yako ya sasa. Huko Kanada, mtunzi wa muziki R. Murray Schafer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser walianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kukusanya sauti za mazingira, wakiamini kwamba nyingi zingetoweka bila mtu kugundua. Watu hurekodi sherehe na hotuba, ambazo zitafanana na sherehe na hotuba za kila nyumba. Weka simu mezani asubuhi ya siku ya kawaida, dakika tatu au nne, usiseme neno: mlango unaokwama, vijiko, mtu anayeita mwingine kutoka chumba cha pili. Andika tarehe na mahali, uhifadhi nakala mbili, na usiwasikilizishe watoto rekodi hiyo kila wiki.

Kwa dada yako nina pendekezo moja. Mpeleke mahali pale ulipopita, bila kumweleza ni kwa sababu gani, na umwache asikie kwanza. Akianza kusimulia, usimsahihishe juu ya baraza.